UZI: "Dokta, imetoka 27, nifanyeje ishuke?" Tuzungumze kuhusu programu za kukagua wizi wa maandishi vyuoni

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, salaam.

Nafundisha chuo kikuu na nasimamia tasnifu. Kila msimu wa kuwasilisha kazi ukifika, simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja, huo niliouweka kwenye kichwa cha uzi. Sijawahi kupata anayeuliza hiyo 27, yaani asilimia ya maandishi yanayofanana na ya wengine, imetokana na nini. Siwalaumu sana, maana miongozo ya vyuo vingi imeandika kikomo, huyu 15, yule 20, mwingine 30, kisha ikanyamaza. Maoni yangu nayasema mapema ili anayetaka kupinga ajipange: programu hizi zina kazi nzuri, ila kikomo cha asilimia kimezigeuza kitu cha ovyo. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Ukipakia faili, programu haiisomi kama mtahini anavyosoma. Nyingi za aina hii huyakata maandishi kuwa vipande vifupi vya maneno yanayofuatana, kila kipande kinageuzwa namba, halafu namba hizo zinalinganishwa na za maandishi yaliyomo kwenye hifadhidata: kurasa za intaneti, majarida na vitabu ambavyo kampuni ina mkataba navyo, na kazi za wanafunzi zilizopakiwa huko nyuma. Vipande vikigongana kwa mfululizo, sehemu hiyo inapakwa rangi. Mwisho inahesabiwa ni maneno mangapi yamepakwa rangi katika maneno yote. Asilimia ndiyo hiyo. Turnitin, ambayo kampuni yake ilianzishwa 1998 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ikauzwa 2019 kwa dola bilioni 1.75 za Marekani, wenyewe wanaiita ripoti ya mfanano, na wanasema waziwazi kwamba kuamua kama ni wizi ni kazi ya mwalimu. Tunaoipachika jina la ripoti ya wizi ni sisi.

Sasa nieleze ripoti mbili, ndipo mtaona kinachonikera.

Ya kwanza ilisoma 38. Kwa mwongozo wa chuo hiyo ni ya kurudishwa bila hata kufunguliwa. Nikaifungua. Ukurasa wa jina umepakwa rangi, tamko la mtahiniwa limepakwa rangi, idhini ya msimamizi vilevile. Hizo kurasa zina maneno yaleyale kwa kila mwanafunzi, chuo ndicho kinachowapa! Orodha ya marejeleo imewaka mwanzo hadi mwisho, na ingeshangaza kama isingewaka, kwa sababu jina la makala haliandikwi upya. Hojaji iliyotumika ilikuwa imeazimwa kwa idhini na ikatajwa chanzo, nayo imepakwa. Sura ya mbinu za utafiti imejaa madoa ya maneno matano sita ya aina ya "sampuli iliteuliwa kwa njia nasibu", sentensi ambayo hakuna binadamu anayeimiliki. Nilipotoa marejeleo, viambatisho na zile kurasa za mwanzo, ikabaki 5. Kazi safi kabisa.

Ya pili ilisoma 6. Kijani, imepita, pongezi. Tasnifu yenye maneno kama 15,000, kwa hiyo asilimia 6 ni maneno 900. Maneno yote 900 yalikuwa mahali pamoja, sura ya mjadala wa matokeo, rangi moja tu, chanzo kimoja tu: kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine. Aya nne mfululizo, hadi alama za mkato zinafanana. Mwenye tasnifu alibadilisha jina la eneo la utafiti na takwimu mbili. Yaani mahali pekee ambapo mtahiniwa alitakiwa kusema yeye anafikiri nini, amemwachia mwenzake aseme. Na mfumo umempa cheti.

Kwa hiyo mimi namba huitazama mwisho. Kwanza naangalia rangi zimekaaje. Madoa madogo yaliyosambaa kazi nzima, yenye vyanzo sitini vya asilimia mojamoja, kwa kawaida hayana lolote. Doa refu lenye chanzo kimoja nalisoma neno kwa neno, hata ripoti nzima ikisema 3. Halafu naangalia limekaa sura gani. Ufanano kwenye maelezo ya mbinu ni jambo moja, kwenye hitimisho ni kesi nyingine.

Kuna jaribio lililochapishwa 2020 na kundi la watafiti wa nchi kadhaa, yumo Debora Weber-Wulff wa Berlin ambaye amekuwa akizipima programu hizi tangu 2004. Walipima programu 15 kwa lugha nane. Walichokuta ni kwamba baadhi zinasaidia kupata baadhi ya maandishi yaliyonakiliwa, hakuna inayopata yote, na wakati mwingine zinanyooshea kidole maandishi yasiyo na kosa. Makosa ya pande zote mbili, sawasawa na ripoti zangu mbili hapo juu.

Kikomo kimefanya nini kwa wanafunzi? Kimewafundisha kucheza na namba. Kuna wanaopitisha aya kwenye programu za kubadilisha maneno mpaka Kiingereza kinatoka kimelewa. Huko Uingereza mhadhiri mmoja alikuta "left behind" imegeuka "sinister buttocks", acha niwaachie wenyewe mcheke. Kwenye majarida ya sayansi hali ni mbaya zaidi: tangu 2021 kuna watafiti wanaokusanya misemo iliyokunjwa hivyo kwenye makala zilizochapishwa, na humo "breast cancer" imekutwa ikiitwa "bosom peril". Wengine wanachomeka herufi za Kirusi zinazofanana kwa macho na a, o na e zetu, au wanaweka alama za kunukuu zenye rangi nyeupe kuzunguka sura nzima ili mashine iione kama nukuu. Programu kubwa siku hizi zinashtuka na kuweka bendera kwenye hila za namna hii, lakini mtu aliyetumia saa tatu kuficha alama za kunukuu angeweza kutumia saa hizohizo kujifunza kunukuu.

Pendekezo langu: mwanafunzi aione ripoti yake mwenyewe mapema, kwenye rasimu, akae na msimamizi waipitie doa kwa doa. Hapo ndipo chombo kinafundisha. Ripoti ya siku ya mwisho inabaki kuwa ya kumwambia mwalimu wapi pa kusoma kwa makini.

Karibuni.

#2 Chupa ya Wino

Nimeweka kiti mbele. Mkuu, "Kiingereza kilicholewa" umeniua.

#3 Msimamizi Mkongwe

Dokta, nakuheshimu, ila hili unalisema kama mtu mwenye wanafunzi wanane. Mimi kozi moja ina watu mia tatu na ushee. Nikianza kusoma doa kwa doa, matokeo yatatoka lini? Kikomo ni kibaya, sawa, lakini ni sheria inayojulikana na kila mtu mapema. Ukikiondoa unabaki na "busara ya mhadhiri", na sote tunajua busara hiyo inavyoweza kuwa na upendeleo. Mwanafunzi wa 25 kwa mhadhiri A anapita, kwa mhadhiri B anaitwa kamati ya nidhamu. Hapo haki iko wapi?

#4 Kalamu Nyekundu

Prof, shikamoo. Hoja ya upendeleo ni nzito na sina jibu jepesi. Kuhusu wingi wa wanafunzi, hata mimi ningetumia namba kupanga foleni: zipi nifungue kwanza. Ninachokataa ni namba kutoa adhabu. Kwa darasa la mia tatu na zaidi, panga ripoti kwa ukubwa wa chanzo kimoja badala ya jumla. Mwenye 30 iliyotokana na vyanzo hamsini anasubiri, mwenye 9 iliyotoka mahali pamoja anafunguliwa leo. Utashangaa jinsi foleni inavyofupika.

Na usawa wa kikomo ni wa juu juu tu. Mwanafunzi wa sheria ananukuu vifungu kwa lazima, wa hisabati anaandika milinganyo ambayo programu nyingi hata haziisomi. Ukiwapa wote 20, mmoja umembana na mwingine umemfungulia geti.

#5 Dawati la Maktaba

Mimi ni mkutubi, ndiye ninayewafungulia wahadhiri akaunti. Naongezea la kiufundi ambalo wengi hawalijui: faili moja inaweza kutoa asilimia tatu tofauti siku moja. Inategemea aliyeiweka amechagua nini. Je, ametoa marejeleo? Ametoa nukuu? Ameweka kiwango cha chini cha maneno ili vipande vifupi visihesabiwe? Amelinganisha na hifadhidata zote au intaneti pekee? Nimeshuhudia mwanafunzi anakuja na 14 ya idara, ofisi ya masomo ya juu inamtolea 31, na hajabadilisha hata nukta. Kila ofisi ilikuwa na mpangilio wake, na kila moja inaamini namba yake ndiyo sahihi. Mwongozo unaosema "isizidi 20" bila kusema kwa mpangilio upi haujasema kitu.

Angalizo kuhusu hicho kitufe cha kutoa nukuu: kinatafuta alama za kunukuu. Nukuu ndefu iliyosogezwa ndani ya ukurasa bila alama, wakati mwingine kinaiacha humohumo kwenye hesabu. Na marejeleo yanatambuliwa kwa kichwa cha habari. Ukiandika kichwa kwa namna ambayo programu haiijui, orodha nzima inahesabiwa kama ufanano.

#6 Mtahiniwa Mchovu

Wakubwa zangu nisaidieni. Mimi rasimu yangu ilipakiwa mwezi uliopita kupitia akaunti ya msimamizi. Juzi nimepakia ya mwisho kupitia ofisi, imetoka 94. Chanzo: kazi ya mwanafunzi, chuo changu mwenyewe. Ni mimi! Nimejiiba. Ofisi wanasema mfumo umekataa, nikaandike upya. NIANDIKE UPYA KAZI YANGU?

#7 Dawati la Maktaba

Pole sana ndugu yangu, na usiandike upya hata mstari. Rasimu ilihifadhiwa kwenye hifadhi ya mfumo. Kuna sehemu mhadhiri anapotengeneza zoezi anachagua kazi zisihifadhiwe, haikuchaguliwa. Suluhisho ni rahisi: anayesoma ripoti ya pili anakitoa hicho chanzo kimoja kwenye hesabu, namba inajirekebisha palepale. Mwombe msimamizi aandike barua fupi kwamba rasimu ilipakiwa na yeye, uiambatishe. Kama wanataka ifutwe kabisa kwenye hifadhi, ombi linatoka kwa msimamizi wa akaunti ya chuo kwenda kwa kampuni, mwanafunzi huwezi kulipeleka mwenyewe.

#8 Fundi wa Kodi

Huku kwetu kompyuta tuna mnyama wetu anaitwa Moss, programu ya kukagua msimbo ulionakiliwa, wa tangu 1994, ametengenezwa na profesa wa kompyuta Alex Aiken. Bure kwa walimu. Ukibadilisha majina ya vigeu na kuhamisha maelezo hakujali, anaangalia umbo la programu. Na kitu ninachokipenda: mwalimu anampa msimbo wa kuanzia aliowagawia wanafunzi, anausamehe. Ile kurasa ya tamko anayolalamikia mleta uzi ingesamehewa hivyohivyo. Pia Moss anakupa jozi za kazi zinazofanana zaidi ya darasa lilivyozoea, halafu anasema kagua mwenyewe. Ukurasa wake umeandika kabisa kwamba matokeo si ushahidi wa kutosha. Sisi tumezoea hivyo tangu zamani, nashangaa wenzetu wa insha wanagombania namba moja.

#9 Lugha Yetu

Hakuna aliyegusa kazi zinazoandikwa kwa Kiswahili. Mimi nasimamia hizo. Namba zinatoka 2, 4, 1. Watu wanafurahi, mimi nalala macho wazi. Hifadhidata imejaa Kiingereza. Majarida mengi ya Kiswahili na vitabu vya zamani havijawekwa mtandaoni, na tasnifu nyingi ziko rafu ya maktaba zikiwa na jalada gumu. Mtu akichukua sura nzima ya kitabu cha fasihi cha miaka ya themanini akaichapa, mashine itamwambia safi. Na akichukua makala ya Kiingereza akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, maneno yote yamebadilika, vipande havigongani. Hata lile jaribio la lugha nane alilotaja mleta uzi, zote ni za Ulaya na Kituruki, sisi hatumo.

Ninachofanya: nasoma. Mwanafunzi ambaye ukurasa wa 30 anaandika kama gazeti na ukurasa wa 34 ghafla sentensi zina mpangilio wa Kiingereza chini yake, nabandika karatasi ya njano hapo. Kisha namwita, namwomba anieleze aya hiyo kwa mdomo. Aliyeiandika anaeleza mpaka unamsimamisha.

#10 Kalamu Nyekundu

#9 umenitoa jasho, hilo ningelianzisha mimi. Na kumbukeni kesi kubwa za wizi wa tasnifu zilivyofumuliwa. Waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu Machi 2011 baada ya watu wa kujitolea mtandaoni kuipekua tasnifu yake ya udaktari ukurasa kwa ukurasa na kuonyesha maandishi ya wengine kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kurasa. Kazi kubwa ilikuwa macho na vitabu. Mwaka uliofuata rais wa Hungary, Pál Schmitt, naye akaondoka kwa sababu ya tasnifu.

#11 Mwaka wa Tatu

Mbona hamsemi kuhusu akili mnemba (AI)? Siku hizi ripoti ina namba ya pili. Mwenzangu kaambiwa asilimia 60 "imeandikwa na mashine" na mtoto wa watu kakesha akiandika, tulikuwa naye chumba kimoja. Anathibitishaje?

#12 Kalamu Nyekundu

Mdogo wangu, hiyo namba ya pili ni kitu kingine kabisa, wahadhiri wengi wanazichanganya. Ya mfanano inakuonyesha chanzo: hiki hapa, fungua, linganisha. Mshtakiwa anaweza kujitetea. Ya akili mnemba haina chanzo cha kuonyesha. Inakadiria tu jinsi maneno yanavyotabirika. Mwandishi mwenye sentensi fupi na msamiati wa kawaida anafanana na mashine, na wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili ndivyo wengi wao wanavyoandika. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wanaokitumia kama lugha ya pili, zilizoandikwa na watu. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote.

OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa na kigunduzi chao wenyewe. Walikifunga Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kigunduzi cha Turnitin, na hesabu yao ni ya kufundishia: walikuwa wamepakia kazi 75,000 mwaka 2022, kampuni ilisema makosa ya kumsingizia mtu ni asilimia 1, hiyo ni kama kazi 750 za watu wasio na hatia. Kwa mwaka, chuo kimoja.

Mwenzako aonyeshe historia ya faili. Programu nyingi za kuandikia za mtandaoni zinahifadhi matoleo ya kila siku. Alete rasimu, vitabu alivyoweka alama, na aombe kuhojiwa kwa mdomo kuhusu kazi yake. Kama kamati inataka kumwadhibu kwa namba hiyo peke yake, aombe kwa maandishi ushahidi mwingine walio nao.

#13 Msimamizi Mkongwe

Kwenye la akili mnemba nipo na wewe asilimia mia. Kwenye kikomo bado. Ila la kupanga foleni kwa chanzo kimoja nitalijaribu muhula huu. Nikikwama nakuja kukusumbua.

#14 Haki za Kalamu

Swali la kisheria: kazi yangu, jasho langu, inaingizwa kwenye hifadhidata ya kampuni inayouza huduma. Naruhusiwa kukataa?

#15 Dawati la Maktaba

Inategemea nchi na kanuni za chuo. Marekani wanafunzi wanne wa sekondari waliishitaki kampuni ya Turnitin kwa hakimiliki. Mahakama ya rufaa ikaamua 2009 kwamba kuhifadhi kazi kwa ajili ya kulinganisha ni matumizi halali, wakashindwa. Canada, Chuo Kikuu cha McGill, mwanafunzi aligoma kupakia kazi zake, akapewa sifuri, akakata rufaa ndani ya chuo, na mwanzoni mwa 2004 ikaamuliwa kazi zisahihishwe bila kupakiwa. Kwako wewe, anza na fomu uliyosaini siku ya kujisajili, mara nyingi ruhusa imo humo. Hata kama imo, unaweza kumwomba mhadhiri aweke zoezi lako kwenye mpangilio wa kutohifadhi. Ripoti inatoka kama kawaida na kazi haibaki.

#16 Mtahiniwa Mchovu

Mrejesho: barua imeandikwa, chanzo kimetolewa, sasa inasoma 11. Na hizo 11, saba ni marejeleo. Asante Dawati, asante mleta uzi. Nasubiri tarehe ya utetezi.